Kusomesha chuo kikuu ni hasara? Mi nakataa, hasara iko kwingine

Wadau wa kusini, kuna hoja inazunguka sana huku Mtwara, eti serikali iache kukopesha watoto wa chuo kikuu, hela yote ipelekwe VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi, maana wahitimu wamejaa mtaani na mikopo hawarudishi. Mi napinga.

Kwanza hiyo ya kurudisha. Tangu sheria ibadilishwe 2016 Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, sasa asiye na mshahara unamkata nini? Jirani yangu kasomea ualimu wa fizikia na hesabu kwa mkopo, saa hizi alfajiri utamkuta na mashine ya kupulizia mgongoni, uso mzima salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, anahudumia mikorosho ya baba yake, halafu sekondari ya kata pale juu fizikia inafundishwa na mwalimu wa jiografia. Hela ilishatumika jamani! Ada imelipwa, bumu, yaani hela ya kujikimu, limeliwa, kilichobaki ni kumwingiza darasani, hapo ndo tunamwacha. Hasara ni hiyo.

Na wanaosema digrii hazijatuletea kitu, hiyo salfa mmeijuaje? Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ulivyoshambulia mikorosho, watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele hapa Mtwara ndo walikaa nao, wakapima dawa, wakatoa na mbegu bora, na wale ni watu waliosomeshwa kwa hela ya umma. Mkulima wa Newala hajakanyaga chuo ila anavuna faida kila msimu, na faida hiyo huioni kwenye vitabu vya Bodi.

Nakubali jambo moja, mama anayeuza samaki feri analipa kodi na mwanae pengine hafiki hata kidato cha sita, hilo linauma kweli. Na dola milioni 425 za Benki ya Dunia za mradi wa elimu ya juu wa HEET wa 2021, ambao ndani yake kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) hapo Lindi, ni deni la wote, kwa hiyo tuna haki ya kudai kampasi hiyo ifundishe kilimo cha korosho, ufuta na mbaazi.

VETA iongezewe, sawa, ila sio kwa kufunga mlango huu. Ninavyoona mimi, aliyesomea ualimu au afya kwa mkopo na hana ajira halmashauri impokee kwa posho, miezi anayofanya kazi ihesabiwe kama rejesho. Anayepinga aje na hesabu, atuambie kata kukosa mwalimu wa fizikia miaka mitano inatugharimu shilingi ngapi.