Ukoo wa Ngamiani: Denver, Aurora na Nyumbani

Jumamosi, 26 Oktoba 2024

08:14 Mwana (admini): Asalaam aleykum wanafamilia. Karatasi za kura za hapa Colorado zimefika majumbani tangu katikati ya mwezi. Nauliza tena, nani ameshajaza na kurudisha?

08:15 Mwana: Andika NIMESHA au BADO. Msinipe kidole gumba, sikielewi maana yake.

08:31 Mjomba Hamisi: 👍

08:31 Mwana: Mjomba jamani!

08:33 Mama Pacha: Bado. Wanaumwa mafua wote wawili, sijalala.

08:34 Mwana: Pole mdogo wangu. Wengine? Naona tiki za buluu hapa, mmesoma.

08:52 Mwana: Haya nisikilizeni. Rais kila mtu ana wake, sitaki ugomvi humu. Mimi nasema ya nyuma ya karatasi. Uchaguzi uliopita nilikaa na watu wa humuhumu, mtu kajaza huko juu, akifika kwa majaji, wale wa kupigiwa ndiyo abaki au hapana atoke, kaacha weupe mtupu mpaka mwisho. Jaji ndiye anayeamua utoke kwenye nyumba au ubaki, mtoto alale kwa nani, kijana aende jela au arudi kazini. Rais hatakuja kukaa kwenye kesi yako ya kodi ya nyumba.

08:55 Idi: Mimi majaji wote HAPANA. Nimeshamaliza, dakika moja tu.

08:55 Mama Pacha: Idi, ya nyumba tena?

08:57 Idi: Ndiyo, ya nyumba tena. Nimesimama pale na risiti zangu zote kwenye bahasha, miezi yote nimelipa. Hakuifungua. Hata kichwa hakuinua. Mwenye nyumba kaongea, wakili wake kaongea, mimi naambiwa "next". Mna cha kuniambia?

08:58 Mwana: Hatuna, ilikuwa dhuluma. Lakini yule wako ni jaji wa kaunti, na hujui hata kama yumo kwenye karatasi ya mwaka huu. Hawarudi wote kwa pamoja. Wa kaunti anarudi kwa wananchi kila miaka 4, wa wilaya 6, wa rufaa 8, wa Mahakama ya Juu ya jimbo 10. Ukimpiga HAPANA kila mtu unampiga na yule aliyempa Mama Pacha wale watoto.

09:03 Mama Pacha: Yule mama alikataa kuanza kesi mpaka mkalimani afike. Wakili wa upande wa pili anaangalia saa, anasema huyu mama Kiingereza anakielewa. Jaji kamwambia kaa chini, atasikilizwa kwa lugha yake. Idi, wangekuwa wapi leo hawa?

09:10 Idi: Sijasema yeye.

09:10 Mama Pacha: Umesema wote.

09:16 Rehema: Kuna kile kijitabu cha buluu kilichokuja kwa posta, msikitupe. Huko mwishoni kuna ukurasa wa kila jaji. Kuna tume ya raia wa kawaida na mawakili, wanauliza watu waliopita mahakamani kwake, wanakaa kwenye kesi zake kuangalia, wanasoma hukumu zake. Mwisho wanaandika anafikia viwango au hafikii. Anayepata ndiyo nyingi kuliko hapana anabaki. Kaka Idi nitumie jina nikutazamie.

09:17 Idi: Nakutumia pembeni.

09:26 Rehema: Hayumo mwaka huu.

09:26 Mjomba Hamisi: 👍

09:41 Salim: Shikamooni. Mimi je? Nilipata kadi mwaka juzi inasema nijiandikishe.

09:42 Mwana: SALIM USIGUSE KITU. Wewe una grinikadi, wewe si raia bado. Zile kadi za 2022 zilitumwa kimakosa, watu kama 30,000 wasio raia walitumiwa. Ukipiga kura huna uraia unaweza kuondolewa nchi hii, na hakuna wa kukusikiliza ukisema ulitumiwa kadi.

09:43 Salim: Sawa dada, sikupiga. Ila kwenye karatasi ya Denver kuna hoja ya 2T, wanataka kuondoa sharti la uraia kwa polisi na zimamoto. Mnajua zimamoto nimeitaka toka nimefika. Mimi siwezi kuipigia. Mnipigie nyinyi.

09:43 Mama Pacha: ❤️❤️

09:44 Idi: Hiyo ndiyo. Nakupigia dogo.

09:51 Mwana: [Picha]

09:51 Mwana: [Picha]

09:52 Mwana: Hii ni karatasi yangu mbele na nyuma. Anayetaka anakili. Nimesoma hoja zote 14 za jimbo na zile za jiji, nimekesha nazo, kwa hiyo msiseme Mwana anakurupuka. 2Q ya jiji ni kodi ya mauzo ya kuisaidia hospitali ya Denver Health, senti 34 kwa kila dola 100. Wangapi humu wamepelekwa pale hawana bima? Nyoosheni mkono.

09:54 Mama Pacha: ✋

09:54 Idi: ✋

09:55 Mwana: 2R nayo ni kodi, senti 50 kwa dola 100, ya nyumba za bei nafuu. Hapo nimesita. Sasa hivi tunalipa 8.81 kwa mia, zikipita zote mbili tunafika 9.65. Nimeweka ndiyo kwa 2Q, kwa 2R nasikiliza. Hoja H ya jimbo ni ndiyo bila maswali. Inaweka bodi huru ya kumsikiliza jaji anayeshitakiwa kwa tabia mbaya, yenye raia wa kawaida ndani yake, na mambo yatolewe hadharani mapema zaidi. Leo majaji wanasikilizana wenyewe kwa wenyewe. Idi, hiyo ndiyo dawa yako, siyo kupiga HAPANA kila mahali.

09:58 Mjomba Hamisi: Hii 127 ya simba imekaaje?

09:58 Rehema: Ni simba wa milimani mjomba, na paka mwitu. Ukipiga ndiyo, maana yake wasiwindwe.

09:59 Mjomba Hamisi: Mimi Yanga. Simba awindwe.

09:59 Idi: 😂😂😂😂

09:59 Salim: Mjomba tano moja hazitoshi?

10:00 Mjomba Hamisi: Hazitoshi.

10:02 Mama Pacha: Simba hatuwindiki, tuheshimiane humu.

10:05 Mwana: Jamani 309! Nilikuwa nafika kwenye 309. Mjomba acha mpira.

10:06 Mjomba Hamisi: Kwangu 309 haipo. Nimegeuza huku na huku.

10:06 Mwana: Wewe uko Greeley mjomba. Ni ya Denver tu. Ikipita, vichinjio vinapigwa marufuku ndani ya jiji kuanzia 2026, na kichinjio kiko kimoja tu, kile cha kondoo cha Globeville. Wafanyakazi kama 160 na ndio wenye hisa. Na wale kondoo wa halali wa sikukuu mnadhani wanatoka wapi?

10:09 Shemeji Musa: Sisi Aurora hatuna hiyo. Tunaulizwa habari ya mbwa wakali, pit bull, waruhusiwe au la.

10:09 Mjomba Hamisi: Musa umefufuka!

10:10 Shemeji Musa: Nipo, nasoma tu.

10:24 Da Zai (Tanga): Asalaam aleykum. Huku jioni. Naona picha za karatasi, nikadhani ni ile orodha.

10:24 Mwana: Orodha gani dada?

10:26 Da Zai (Tanga): Ya mabati.

10:26 Da Zai (Tanga): Masika imepita, vuli hii inaanza, chumba cha nyuma ndoo tatu chini. Nami sisemi kwa ubaya.

10:31 Mwana: Da Zai hilo nililieleza kwa simu. Sasa hivi tuko kwenye kura, tarehe inatukimbiza.

10:32 Idi: Mabati nayo yanakimbizwa na mvua.

10:33 Mwana: Idi wewe uliahidi ngapi na ukatoa ngapi? Niandike?

10:33 Mama Pacha: Jamani jamani.

10:47 Ba'mkubwa: [Ujumbe wa sauti, 2:38]

10:47 Salim: Shikamoo Ba'mkubwa

10:47 Mama Pacha: Shikamoo baba

10:48 Idi: Shikamoo Ba'mkubwa

10:48 Shemeji Musa: Shikamoo mzee

10:50 Mjomba Hamisi: Niko kazini kwenye laini, siwezi kuweka sauti. Amesema nini?

11:04 Rehema: Naiandika kama alivyosema:

"Marahaba wote. Mwana, naona unavyohangaika na Mungu atakulipa. Hii kura ya majaji mimi naijua, ndiyo au hapana na hana mpinzani. Mwaka 1970 ndiyo kura yangu ya kwanza, Mwalimu peke yake kwenye karatasi, na balozi wa nyumba kumi alikuwa anajua umepiga nini kabla hujatoka. Hapa wamekupa kijitabu kinachosema mazuri na mabaya ya jaji, ukae nacho nyumbani kwako, hakuna aliyesimama nyuma yako. Sikuvuka bahari nikala kiapo cha uraia nikiwa mtu mzima ili niletewe karatasi ya kunakili. Picha hizo uzifute. Kila mtu asome, ajaze yake. La kichinjio nitalisema kwa sababu nimeifanya kazi ya nyama, vidole vyangu mnavijua. Mtu akifunga mlango ule, wale watu hawaendi kukaa ofisini. Msikifunge. Na Zai ajibiwe leo, siyo kesho."

11:05 Mwana: *Ujumbe huu umefutwa*

11:05 Mwana: *Ujumbe huu umefutwa*

11:06 Mwana: Nimefuta Ba'mkubwa. Nisamehe.

11:09 Salim: *Ujumbe huu umefutwa*

11:09 Mjomba Hamisi: Salim nimeusoma 😂

11:10 Salim: Sijaandika kitu

11:38 Rehema: Ba'mkubwa nimekusikia, na kwa heshima. Ila sitaki kunyamaza ionekane kama nimekubali. Yangu imeingia sandukuni tangu Jumatano na 309 nilipiga ndiyo. Niliangalia zile video za mle ndani, nikasoma na hoja yenyewe, inasema jiji litawapa kipaumbele wafanyakazi kwenye mafunzo ya kazi nyingine. Nilifikiri sana.

11:52 Ba'mkubwa: Sawa

11:58 Mama Pacha: …

12:20 Mwana: Sawa, tuendelee. 79 ya utoaji mimba siisemi humu, kila mtu na Mola wake, jueni tu inahitaji asilimia 55 kupita kwa sababu inaingia kwenye katiba ya jimbo. Pendekezo langu jipya: kesho Jumapili baada ya adhuhuri tukutane kwa Shangazi, kila mtu na karatasi YAKE na kijitabu chake, tusome pamoja, mtu ajaze pembeni peke yake. Mimi naleta pilau.

12:22 Idi: Pilau nakuja.

12:22 Shemeji Musa: Shangazi ameulizwa?

12:23 Mwana: @Shangazi

12:40 Mwana: @Shangazi kesho kwako?

12:44 Idi: Basi nitakusanya bahasha za wote nikazitie kwenye sanduku la Montbello usiku, niko njiani kwenda kazini.

12:45 Mwana: Mwisho kumi Idi. Sheria hairuhusu mtu mmoja kupeleka zaidi ya kumi za wenzake. Na kila bahasha isainiwe na mwenyewe, saini ifanane na ya leseni. Saini ikipishana kura inakaa pembeni mpaka uithibitishe.

12:46 Mama Pacha: Si nitume tu kwa posta Jumatatu?

12:47 Mwana: Baada ya Jumatatu usiiamini posta. Lazima iwe imeshafika Jumanne ya tarehe 5 saa moja jioni, muhuri wa posta hausaidii. Sanduku ni bora, liko wazi usiku na mchana.

12:47 Mjomba Hamisi: Saa saba?

12:48 Mwana: SAA MOJA JIONI. Saa ya kwetu. Mjomba ukienda kwa saa ya simu umeniua.

13:15 Shemeji Musa: Wale majaji watatu wa Mahakama ya Juu ya jimbo, Boatright, Márquez na Berkenkotter. Ile kesi ya kumtoa Trump kwenye karatasi Desemba iliyopita, nani alikuwa wapi?

13:21 Rehema: Ilikuwa 4 kwa 3. Márquez alikuwa na waliomtoa, Boatright na Berkenkotter walipinga. Mwezi Machi Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha.

13:22 Shemeji Musa: Ahsante. Hilo ndilo nililotaka.

13:22 Idi: Na unapiga nini?

13:24 Shemeji Musa: Si tumeambiwa kila mtu yake.

14:02 Da Zai (Tanga): Ba'mkubwa alisema leo.

14:03 Mwana: Dada nipo nalo. Idi, Musa, Mjomba, tuongee pembeni usiku, tulimalize kabla ya Jumapili.

14:03 Idi: Jumapili ndiyo kesho.

14:04 Mwana: Najua siku.

16:37 Mwana: Wanaokuja kesho waandike majina. Mpaka sasa nina Idi na Mama Pacha nusu nusu.

16:40 Mama Pacha: Homa ikishuka.

21:58 Shangazi: Waaleykum salaam. Nimetoka kazini sasa hivi, mmeandika mengi. Kesho kwangu haiwezekani, nina zamu mpaka saa kumi na mbili. Halafu hii bahasha mnayosema, ni ile kubwa kubwa iliyokuja na kuponi za pizza?

21:59 Mwana: Shangazi usiniambie umeitupa

22:01 Shangazi: Ngoja nimuulize Bahati, yeye ndiye aliyetoa takataka.

22:01 Mwana: Ikiwa imepotea utaenda kituo cha kupigia kura na kitambulisho, wanakupa nyingine, nitakupeleka mwenyewe. Pokea simu, napiga.

22:03 Mwana: Shangazi pokea

22:10 Mjomba Hamisi: Sasa pilau ni wapi?