Injini isiyotoa chochote nyuma, tuiamini au tuachane nayo?

Fundi_Katwe: Jamani, kuna jamaa hapa gereji anashikilia eti EmDrive ya yule Muingereza Roger Shawyer inasukuma chombo angani bila kutoa kitu nyuma, ni maikrowevu tu zinadundadunda ndani ya kopo la shaba lililofungwa. Nikimbishia ananiambia hata Goddard, yule Mmarekani wa roketi, alichekwa. Nimjibuje?

JinjaBoy: Ssebo, Goddard alikuwa upande wa Newton (sukuma kitu nyuma, nawe uende mbele), waliokosea ni gazeti. New York Times 1920 liliandika roketi haiwezi kufanya kazi kwenye ombwe, likaja kujisahihisha 1969 Apollo 11 ikiwa safarini. Hiyo EmDrive ni kusukuma taksi ukiwa umekaa ndani yake.

mwl_fizikia: Msimcheke sana lakini. Watu wa NASA waliipima kweli, 2016 wakachapisha milinyutoni 1.2 kwa kila kilowati, kidogo mno ila siyo sifuri, sasa kitu kama hicho unakipuuza vipi bila kukipima? Ndo mwanafizikia Tajmar na wenzake kule Dresden, Ujerumani, wakarudia, na 2018 wakaona hata ukipunguza sana nguvu inayoingia kwenye kopo msukumo uko palepale, wakashuku waya za umeme na usumaku wa dunia. 2021 wakaja na mzani ulioboreshwa, msukumo ukayeyuka wote, kumbe ni joto lilikuwa linavuta vifungio vya mzani.

Fundi_Katwe: Webale mwalimu. Shida sasa anataka tumchangie ajenge ya kwake.

JinjaBoy: 😂 aanze na kununua mzani