"Hii siyo bei ya dagaa": nimedhalilishwa kikao cha bajeti, watu wa Kigoma njooni

Mgebuka Mkavu: Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Simtaji. Kigoma nzima mnamjua, yule wa tai inayofika magotini na kishkwambi asichokiachia hata msalani.

Tumeitwa kusikiliza bajeti ya halmashauri ya mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai. Kawasha projekta. Kurasa kama 900, herufi ndogo kama mayai ya chawa, mabilioni yanapita ukutani mbio kama yanakimbizwa na mgambo. Nikanyoosha mkono, kwa adabu: "Samahani baba, katika hayo, ruzuku ya serikali kuu ni ngapi, na mapato ya ndani, yaani ushuru wetu sisi wa sokoni, ni ngapi?"

Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba. "Mama, kaa chini. Hii siyo bei ya dagaa."

Ukumbi ukacheka. Hata jirani yangu wa meza niliyemkopesha chumvi jana, kacheka!

Bei ya dagaa! Sijauza hata fungu moja, kijana wa POS, ile mashine ya kukusanyia ushuru, kashafika. Nalipa. Yale maji ya chupa aliyokuwa anagugumia akinijibu yananuka dagaa wangu! Na sheria inasema asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe wanawake, vijana na wenye ulemavu: 4, 4 na 2. Nisipoijua jumla, hiyo 4 yetu naihesabu kwenye nini?

Kaa chini. Mbele ya wakwe zangu. Na nikakaa, wakuu. Hicho ndicho kinaniua. Nilikaa.

Mwana wa Katonga: Namjua! Mzee wangu aliuliza matumizi, akaambiwa akasome ubao wa matangazo. Ubao una tangazo moja tu, la mbuzi aliyepotea.

Tuliza Boli: Bi mkubwa, povu lote hili na ukumbini ulinyamaza? Halafu uzi bila picha ya hiyo tai haujakamilika.

Mgebuka Mkavu: We kijana una mama kweli? Watu 200 wanakucheka, utasimama na nini? "Kaa chini," kama anafukuza kuku!

Mpangaji wa Gungu: Pole mama, ila afadhali wewe umeonyeshwa hata ukuta. Mimi nikinunua umeme wa LUKU nakatwa kodi ya majengo 1,500 kila mwezi. Ilianza 1,000 mwaka 2021, 2023 ikapandishwa. Jengo si langu! Mwenye nyumba nikimwambia apunguze kwenye pango, ananiambia nihame.

Nyuki wa Tabora: Hapo umenigusa. Huku kwetu Isevya nyumba moja, mita tatu, na zote zinakatwa. Nimeenda ofisini mara nne, kila nikifika mhusika yuko semina.

Tuliza Boli: Mita tatu? Tajiri analalamika.

Nyuki wa Tabora: Tajiri babu yako. Nyumba ya urithi, tuko ndugu 11.

Mgebuka Mkavu: Jamani, mada ni bajeti! Mtu kaniambia kaa chini!

Mwana wa Katonga: Mpangaji, hama. Mwanga kuna chumba, mwenye nyumba hana maneno.

Mpangaji wa Gungu: Kina mita yake? Choo ndani?

Mwana wa Katonga: Choo nje, ila maji yapo. Njoo inbox.