Aliyefanyiwa ukatili apelekwe kanisani kwanza au hospitali? Tujadili bila matusi

Wakuu habari za mchana. Juzi jamaa kasema humu mwenye Mungu hana shida na mwanasaikolojia, eti hayo mambo ya kizungu, na watu wakagonga laiki kibao. Mi napinga, na sipingi kama mpagani, kwaya naimba mpaka leo.

Dada mmoja mtaani kwetu alibakwa akitoka zamu ya usiku, ndugu wakamkimbiza kwa mchungaji. Mchungaji mwenyewe sio mtu mbaya, alilia naye kabisa, ila akamweka kanisani mfungo mkavu siku tatu, akaambiwa asimtaje mtu, asamehe kwanza ndo apone. Sasa piga hesabu, siku tatu ni masaa 72, na zile dawa za kuzuia VVU, PEP, lazima zianzwe ndani ya masaa 72 hayohayo, tena ukiwahi ndo bora. Mfungo unaisha na muda wa dawa umeisha, nguo zimeshafuliwa, PF3 ile fomu ya polisi hakuna, dawati la jinsia la polisi hapo watashika nini? Miezi ikapita akawa halali, mlango ukigongwa anaruka, wakasema ana pepo wakaanza kumkemea. Mtu anakemewa kwa sababu anaogopa!

Na Biblia hiyohiyo, 1 Wafalme 19, Eliya kakata tamaa anaomba afe chini ya mti wa mretemu. Malaika hakumkemea wala kumhubiria, alimwamsha ale mkate na maji, akalala tena, akaamshwa ale tena, habari za kuongea na Mungu zikaja baadaye kule Horebu. Marafiki wa Ayubu nao walikaa naye chini siku saba kimya wakawa sawa tu, walipoanza kumtafutia kosa ndo wakaharibu.

Hoja yangu: kiongozi wa dini anayepokea watu wa hivi apate mafunzo ya lazima, hata wiki chache, na akimficha mgonjwa awajibishwe. Rwanda sheria yao ya 2018 iliwadai wahubiri shahada ya dini, mi naona walilenga pembeni, shahada hiyo haikufundishi PEP.

Mchangiaji: Mkuu unaongea kama unakaa Masaki kwa matajiri. Huku kwetu mwanasaikolojia utamsikia redioni tu, mchungaji anapokea simu saa nane usiku na hadai hata mia. Ukianza kuwatishia jela watawafungia watu milango, hapo umemsaidia nani?

Mchangiaji mwingine: Msikitini pia ipo hiyo. Mama kafiwa na mtoto anaambiwa asilie atakosa subira, wakati Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na Mtume (S.A.W) alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim anakata roho. Na yule aliyemuuliza Mtume amfunge ngamia au atawakali, yaani amtegemee Mungu tu, aliambiwa mfunge kisha tawakali. Hizo dawa ndo kumfunga ngamia.

Mleta mada: Wa kwanza una pointi, ila sijasema wachungaji waondolewe. Zimbabwe walikuwa na shida hiyohiyo ya wataalamu, mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda akachukua bibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua shida moja moja, wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wao ulitoka kwenye jarida la JAMA 2016, waliokaa na hao walezi wa benchi sonona ilipungua kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wameweza, mzee wa kanisa anashindwaje? La jela tunaweza kujadili, la masaa 72 silegezi hata kidogo, wakafunge na kuomba wakiwa kwenye foleni ya daktari.

Mchangiaji: Sawa, na dada mwenyewe akikataa hospitali? Wengine wanaogopa maswali ya polisi kuliko hata ugonjwa.

Mleta mada: Halazimishwi, ila aambiwe dawa zipo na zina muda wake. Yule hakuambiwa kabisa.