Marashi laini ya maua yanayokaa kwenye joto la Tanga, nisaidieni

MamaRaiyan: Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Mie napenda marashi ya maua yale mepesi yasiyopiga kichwa, sasa kuna dada hapa ofisini kaja ananukia vizuri mpaka nikamuuliza, kumbe ni marashi ya kampuni ya Jo Malone ya Uingereza, yale ya ua la hanisako, yanaitwa Honeysuckle & Davana. Jamani ile harufu! Tamu kama asali halafu bichi bichi. Ila bei yake si ya mshahara wangu na mwenyewe anasema ikifika mchana haisikiki tena. Mtu unatoka Chumbageni mpaka Ngamiani na bajaji jasho linakutiririka, nitumie nini kinachokaribia pale kikakaa mpaka jioni? Udi nafukizia nguo za shughuli, ofisini naona utawakaba wenzangu.

BintiRaskazone: Shoga ile ni kolon, lazima iwahi kuisha, manukato yenyewe humo ni machache. Tafuta chupa iliyoandikwa eau de parfum, hiyo manukato yake mara nyingi ni kama asilimia 15 mpaka 20, eau de toilette iko chini ya hapo. Halafu usipulize kwenye ngozi kavu, ukitoka kuoga paka vaselini kidogo tu kwenye viwiko na nyuma ya masikio, ndo upulize juu yake, na usisugue. Mtandio pia unashika harufu kuliko ngozi, puliza kwa mbali usije ukaacha doa. Na chupa isikae dirishani, jua linayaua.

MafutaYaKupima: Dada mi nauza mafuta ya manukato ya kupima nikwambie ukweli. Ua la hanisako halitoi mafuta kirahisi, kwa hiyo karibu yote unayonunua yametungwa na fundi, anachanganya asmini, ua la mchungwa na kitu chenye utamu wa asali mpaka harufu inakuja. Mtu akikuuzia "hanisako asilia tupu" kwa buku kumi, mwachie mwenyewe. Wewe usitafute jina, tafuta mchanganyiko huo, na vanila isizidi maana kwenye joto inageuka nzito. Paka mkononi, zunguka sokoni mpaka umalize shughuli zako ndo unuse tena, hiyo iliyobaki ndo utakayoishi nayo.

BiMwanaidi: Wanangu, na asmini je? Hiyo hanisako hunukia zaidi jioni, kwao Ulaya nondo wa usiku ndio wanaoifuata, na asmini yetu nayo hufunguka magharibi. Chuma alasiri vile vitumba vyeupe vikiwa bado vimefumba, tunga uzi, funga kwenye kitambaa chepesi kisitie madoa, weka katikati ya nguo zako za kesho. Usiku mzima vinafunguka humo humo. Asubuhi ukivaa hakuna atakayekabwa, anayekusogelea tu ndiye atakayesikia. Ukipata ua la langilangi tia moja tu, hiyo ina nguvu, hata kwenye Chanel No. 5, marashi ya Kifaransa ya tangu 1921, imo.

MamaRaiyan: Shikamoo bi mkubwa, asante sana, jirani yangu ana asmini imejaa ukutani leo leo naenda kumwomba. @MafutaYaKupima nipimie nusu tola ya asmini na mchungwa, vanila usiitie kabisa, nipo inbox.

BiMwanaidi: Marahaba mwanangu. Chuma kabla jua halijazama, zikishafunguka mtini umechelewa.