Nimebadilisha pedi za breki za mbele, pedali imekuwa laini. Tatizo liko wapi?

Wakuu, heshima kwenu.

Nina gari ndogo, mbele diski, nyuma dramu, ina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki). Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha, nikabadilisha mwenyewe pande zote mbili. Pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) nilizirudisha ndani taratibu kwa klempu. Sikufungua nipeli (skrubu ya kutolea upepo) wala bomba lolote. Nilipomaliza nilipampu pedali mpaka ikapanda, lakini haijarudi kama zamani. Inashuka zaidi ya nusu ndipo inashika, na hata ikishika iko kama sponji. Nikipampu mara mbili tatu inapanda kidogo, nikiiacha inarudi palepale. Mafuta ya breki yapo kwenye alama, ila yamekuwa ya kahawia. Sijaona panapovuja.

Gari nimeipaki. Inabeba watoto, siitoi kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

Tairi la Akiba

Hizo pedi ni mpya mkuu, hazijazoeana na diski. Endesha kidogo, itakaa yenyewe.

Fundi Mstaafu

Hapana, ushauri huo ni wa hatari. Pedi ambazo hazijazoeana na diski zinafanya gari ichelewe kusimama huku pedali ikiwa imara mguuni. Pedali inayozama ni jambo lingine kabisa, na haiponi kwa kuendesha. Umefanya vyema kuipaki.

Kabla hujanunua kitu chochote, fanya vipimo hivi gari ikiwa imesimama mahali tambarare, umeweka vizuizi kwenye matairi. Washa injini, kanyaga pedali kwa nguvu ya kawaida, kisha shikilia nusu dakika bila kuongeza nguvu. Usipime injini ikiwa imezimwa, kwa sababu busta (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu) ikiishiwa msaada pedali huwa ngumu hata kama breki ni mbovu. Kama pedali inaendelea kuzama polepole chini ya mguu, na hakuna mvujo popote, mtuhumiwa wa kwanza ni masta silinda, yaani pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki: sili (mipira) za ndani zinapitisha mafuta. Ikisimama pale ulipoishikilia, masta silinda iache kwanza.

Kipimo cha pili: vuta handibreki kwa nguvu, kanyaga tena. Kama pedali imepanda juu kuliko mwanzo, viatu vya breki vya nyuma viko mbali na dramu, vinahitaji kusogezwa. Wengi wanahangaika na mbele kumbe urefu wa pedali unatoka nyuma.

Na unapopampu gari ya umri mkubwa, usiigandamize pedali mpaka sakafuni. Sili za masta silinda zinafika sehemu ambayo kwa kawaida hazipiti, pana kutu na uchafu, zinachanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali kizuie.

Mwanaisha Spana

Naongezea hapo kwa mzee. Watu wengi watashuku moja kwa moja upepo ndani ya mafuta ya breki, lakini wewe hukufungua mfumo, kwa hiyo upepo mpya haukuwa na njia rahisi ya kuingia. Kwa aliyebadilisha kalipa zenyewe ningemwambia aangalie kama hajazipishanisha kushoto na kulia, maana nipeli ikiwa chini upepo unabaki juu na hautoki hata umwage mafuta kiasi gani. Kwako haihusiani.

Njia ya kujua tairi lenye tatizo ni kubana hosi. Tafuta klempu ya kubania hosi yenye midomo laini, bana hosi za mpira za mbele zote mbili, kanyaga polepole. Kama pedali imekuwa juu na ngumu, masta silinda ni nzima na ulaini uko mbele. Fungua klempu moja, kanyaga. Rudisha, fungua nyingine, kanyaga. Upande utakaorudisha ulaini ndio huo. Usitumie koleo lenye meno, na hosi iliyopasuka au kukauka usiibane kabisa, hiyo ni ya kubadilisha tu.

Ukishapata upande, vua tairi uitazame pedi ikiwa imekaa kwenye braketi (fremu inayoishikilia). Isukume kwa vidole. Inatakiwa iteleze. Kutu ikijaa pale yanapokaa masikio ya pedi, pedi inasimama kiupande, na kila ukikanyaga kalipa inajipinda kwanza kabla ya kubana. Mguuni inafanana kabisa na upepo.

Muuliza swali

Asanteni sana, nimefanya vyote. Nimeshikilia pedali, haizami. Handibreki haikubadilisha kitu. Nimebana hosi za mbele, pedali ikasimama juu, ngumu. Nimefungua ya kulia, bado ngumu. Nimefungua ya kushoto, ikalegea papo hapo.

Nimevua tairi la kushoto. Pedi ya ndani, sikio la juu limekwama kwenye kutu nene chini ya kile kibati cha braketi, la chini linacheza. Kwa jicho unaona pedi imeacha nafasi upande mmoja wa diski. Pini moja ya kalipa nayo ni kavu, inazunguka kwa shida.

Mwanaisha Spana

Umeipata. Toa vibati, sugua braketi kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, usipunguze pedi kwa tupa. Pini safisha, paka grisi maalumu ya breki, maana grisi ya kawaida inavimbisha mipira yake. Isiguse pedi wala diski.

Fundi Mstaafu

Na mafuta ya kahawia yabadilishe kabisa. Yanafyonza unyevu kwa miaka, yakipata joto kali maji yanageuka mvuke na pedali inazama ukiwa kwenye mteremko. DOT 4 (aina ya mafuta ya breki) mpya inachemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, ikishanyonya unyevu kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Tumia aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, usichanganye na DOT 5 ya silikoni. Mwenzio akanyage na kushikilia, wewe fungua nipeli, ifunge ndipo aachie. Kichupa cha mafuta ya breki kisikauke hata mara moja, hasa kwa kuwa una ABS: upepo ukiingia kwenye moduli yake huenda ukahitaji mashine ya kompyuta kuutoa.

Muuliza swali

Nimesafisha, nimepaka grisi, mafuta nimebadilisha magurudumu yote manne. Pedali iko juu na inashika mapema.

Mwanaisha Spana

Hakiki boliti za kalipa zimekazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kisha, barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa mara kadhaa bila kusimama kabisa, ukiacha diski zipoe katikati. Na braketi ya kulia ifungue pia. Kama kushoto palikuwa na kutu kiasi hicho, kulia hakuko mbali.