Re: Kwenda Kleinwalsertal wakati eAT imekwisha muda

Mama Tumaini (Augsburg):

Wanajukwaa, habari za jioni. Samahani, swali langu ni refu kidogo.

eAT yangu (kadi ya ukaazi) imekwisha muda mwezi uliopita. Maombi ya kuongeza niliyatuma mtandaoni kabla haijaisha, viambatisho vyote vimo, na ada nimelipa. ABH ya hapa (ofisi ya wageni) haijanipa Termin (miadi) wala FB (Fiktionsbescheinigung, hati ya muda ya kusubiri majibu). Nilichonacho ni ile barua pepe ya kompyuta kwamba maombi yamepokelewa, basi. Ukipiga simu ni muziki mpaka ikatike. Ukienda mwenyewe, mlinzi anakuonyesha kibandiko cha tovuti kilichobandikwa mlangoni, tovuti ileile uliyotokea.

Sasa Baba Tumaini ameshalipia chumba Riezlern, kijiji cha Kleinwalsertal, wiki ya kwanza ya likizo ya shule. Anuani waliyotutumia imeanza na D-87567, kwa hiyo yeye anasisitiza ni Bayern, Ujerumani. Jana jirani yetu Mjerumani ananiambia kule ni Austria! Je, naweza kwenda na kurudi bila matata? Na kwa waliowahi kufika, kuna nini cha kufanya na watoto? Mmoja bado anabebwa.

Mzee wa Ulm:

Mama Tumaini, jirani yako yuko sahihi. Kleinwalsertal ni Austria, mkoa wa Vorarlberg, chini ya Habsburg tangu 1453. Ila milima imelizunguka bonde, na barabara ya gari ni moja tu, inayotoka Oberstdorf. Kwa miguu unaweza kuvuka kwenda Vorarlberg penyewe, kwa gari huwezi. Ndiyo maana mwaka 1891 waliingizwa katika eneo la forodha la Ujerumani, wakawa wanatumia mark huku bendera ni ya Austria, mpaka euro ilipokuja. Posta nayo ina namba mbili, ya Kijerumani hiyo uliyopewa, na ya Kiaustria, 6991 kwa Riezlern. Lakini herufi D kwenye bahasha haihamishi mpaka. Ukipita Walserschanz, pale mpakani, umetoka Ujerumani.

Kuhusu FB: fungua ukurasa wa 3 utazame visanduku. Kama tiki iko kisanduku cha tatu, § 81 Abs. 4 ya sheria ya ukaazi, unasafiri Schengen ukiwa na pasipoti na kadi yako ya zamani. Kama iko cha kwanza, Abs. 3, ukitoka ndiyo umetoka.

Kimani (Stuttgart):

Aki nyinyi watu mnapenda kujisumbua. Mimi nimeenda huko na basi, Walserbus namba 1 kutoka stesheni ya Oberstdorf mpaka Baad, na hakuna mtu aliniuliza hata jina. Mpaka wenyewe ni kibao tu kando ya barabara. Mama, beba watoto uende.

Rehema (Kempten):

Kimani, wewe una pasipoti nyekundu ya Kijerumani, ni rahisi kuwaambia wenzako wabebe watoto waende. Ujerumani imerudisha ukaguzi mpaka wa Austria tangu Septemba 2015, na tangu 16 Septemba 2024 ni mipaka yote ya nchi kavu. Hawamkagui kila mtu, wanachagua, na sote tunajua wanavyochagua. Sisi tulisimamishwa kwenye barabara ya B19 tukirudi usiku, watoto wamelala nyuma, taa ya tochi usoni. Mume wangu alikuwa na FB ya kisanduku cha tatu, lakini kadi ya zamani ameiacha nyumbani kwenye droo. Tulikaa pembeni ya barabara mpaka walipomaliza kupiga simu zao. Shida ya pale si kuingia, ni kurudi.

Haya, kuhusu watoto, maana hilo naona mmeliruka.

Msianze na kilele. Njia ya kando ya mto Breitach, kati ya Riezlern na Baad, ni tambarare kiasi, kigari cha mtoto kinapita sehemu kubwa, na mkichoka mnapanda basi kituo chochote. Baad ndipo lami inapoishia. Kutoka hapo kuna njia ya kuingia kibonde cha Bärgunt, chini ya mlima Widderstein (mita 2,533), mpaka kibanda cha malishoni wanakouza maziwa na jibini. Watoto wangu walikaa kwenye kijito wakipanga mawe, wakakataa kuondoka.

Magari ya nyaya: Kanzelwandbahn kutoka Riezlern, Walmendingerhornbahn kutoka Mittelberg, Ifenbahn kutoka Auenhütte. Muulizeni mwenye nyumba kadi ya mgeni, na kama yeye ni wa wale ambao wageni wao hupanda magari ya nyaya bila kulipa wakati wa kiangazi. Kwa familia hiyo ni pesa nyingi inabaki mfukoni. Kule Ifen juu kuna uwanda wa Gottesacker, chokaa tupu iliyopasukapasuka, nyufa za kumeza mguu wa mtu mzima. Pazuri ajabu, lakini si pa mtoto wa kubebwa, na ukungu ukishuka hata mwenyeji anageuza.

Siku ya mvua nendeni Walser Museum, Riezlern. Pia tembeeni mkatazame nyumba za zamani za mbao, hasa upande wa Bödmen: dari ya chini, madirisha madogo, magogo yameshakuwa meusi kwa jua.

Na bima: nyuma ya kadi ya Krankenkasse kuna ile ya Ulaya, daktari atakutibu. Helikopta ya uokoaji mlimani ni habari nyingine, bili inakuja kwako. Wanachama wa DAV (chama cha wapanda milima cha Ujerumani) wana bima ya uokoaji hadi euro 25,000, ndiyo sababu sisi tulijiunga.

Mangi wa Visp:

Shikamoo Mzee wa Ulm. Nimefurahi kuona Wawalser wanatajwa humu, maana mimi naishi kwao asili, huku Wallis, Uswisi. Hawa watu walihama kutoka Wallis ya juu kuanzia karne ya 12 na 13, wakavuka mapito ya milima na ng'ombe zao, wakasambaa Italia ya kaskazini, Graubünden, Liechtenstein, mpaka Vorarlberg. Kleinwalsertal walifika karibu mwaka 1300. Mabwana wa ardhi waliwahitaji wafyeke maeneo ya juu ambayo hakuna aliyeyataka, nao kwa malipo yao wakapewa uhuru na haki ya kurithisha shamba. Hebu fikirini, mhamiaji anapewa haki kwa sababu yuko tayari kukaa mahali pabaya!

Kilichonigusa mimi ni mpangilio. Hawakujenga kijiji cha kubanana. Kila familia na nyumba yake katikati ya majani yake, mteremko mzima umetawanyika nyumba, kama vihamba vya Marangu, isipokuwa hakuna migomba. Mara ya kwanza nimesimama Hirschegg nikatazama juu, nikamkumbuka babu yangu na panga lake.

Huku Wallis kuna na mifereji wanaiita Suonen, imechongwa ubavuni mwa mlima kuleta maji mashambani, na ratiba ya zamu ya maji inagombaniwa kama mifongo yetu. Ukitembea juu ya ubao kando ya ule mfereji unasikia maji yaleyale ya kwetu.

Mzee wa Ulm:

Marahaba Mangi. Ila usimchanganye mama wa watu, Suonen ni za Wallis kwa sababu kule ni kukavu. Kleinwalsertal mvua inanyesha mpaka unaichukia, hawana haja ya mifereji. Na kwa yeyote anayesoma: kuna Kleinwalsertal na kuna Großes Walsertal, lile lenye hifadhi ya UNESCO tangu 2000. Yote mawili ni Vorarlberg, hakuna barabara ya moja kwa moja kati yao. Kwenda Großes wengi hupita upande wa Bludenz, na ukitumia autobahn unahitaji vignette ya Austria (kibali cha ada ya barabara). Kwenda Kleinwalsertal huhitaji vignette. Kuna watu wamefika bonde lingine wakiwa na funguo za hili.

Mangi wa Visp:

Sijamchanganya mtu, nimeandika "huku Wallis". Someni kabla ya kujibu.

Kimani (Stuttgart):

Sasa Mangi, mbona Wachagga mnaona Ulaya imejaa magari ya nyaya kila kilima, wazee wanapanda, watoto wanapanda, lakini Kilimanjaro ikitajwa kelele zinaanza?

Mangi wa Visp:

Kelele za nani? Waliopinga ni wapagazi na waongoza watalii, watu wanaokula kwa ule mlima. Hapa Mswisi mwenye gari la nyaya na mwenye kibanda cha kulala wageni ni mtu na shemeji yake, pesa inazunguka bondeni humohumo. Kwetu nani angemiliki? Ukinijibu hilo ndipo tuongee. Na nyie Wakenya mliopewa uraia pacha na Katiba ya 2010 hamwezi kuelewa. Ujerumani imeruhusu tangu 27 Juni 2024, kwa hiyo kikwazo cha Mtanzania sasa kiko Dodoma, hakiko Berlin. Ningekuwa na pasipoti mbili, nisingekuwa nahesabu visanduku.

Rehema (Kempten):

Tafadhali uraia pacha tufungulie mada yake, inakuja kila wiki na inaishia palepale.

Mama Tumaini (Augsburg):

Ahsanteni nyote, Rehema hasa. Lakini jamani, mimi sina FB. Niliandika mwanzo. Hakuna ukurasa wa 3, hakuna kisanduku. Nina barua pepe.

Kimani (Stuttgart):

Si uichapishe hiyo barua pepe ubebe? Karatasi ni karatasi.

Mzee wa Ulm:

Kimani, nakuomba. Mama Tumaini, § 81 Abs. 5 inasema mwombaji atapewa hiyo hati, si hisani ya mtu. Waandikie ABH, taja kifungu, waambie una safari, na tuma kwa njia yenye uthibitisho wa kupokelewa. Wengine hujibu haraka wakiona namba ya kifungu. Wengine wanaendelea na muziki wao.

Rehema (Kempten):

Na wasipojibu, laleni Oberstdorf. Breitachklamm mnaingilia Tiefenbach, ni Ujerumani. Ni maji yaleyale ya bondeni yamekata mwamba karibu mita 150 kwenda chini, na njia imechongwa ubavuni tangu 1905. Chukueni makoti ya mvua hata jua likiwaka, mwamba unatiririka juu yenu na vyuma vya kushikilia vimelowa muda wote. Mtoto abebwe mgongoni, kigari hakipiti njia nzima. Mkifika mwisho wa juu geukeni mrudi njia mliyojia, kwani pale si mbali na mpaka. Fellhorn kwa upande wa Ujerumani pia panapandika kwa gari la nyaya, ila ukingo wa juu ndio mpaka wenyewe, mguu mmoja huku mmoja kule.

Mama Tumaini (Augsburg):

Chumba cha Riezlern hakirudishiwi pesa. Baba Tumaini anasema kwa kuwa kibao chenyewe ni kidogo…

Kimani (Stuttgart):

Mwambie Baba Tumaini namuunga mkono. Halafu Rehema, zile ng'ombe zenye maua kichwani zinashuka lini? Nataka kuleta wageni kutoka Nakuru.

Rehema (Kempten):

Septemba, kila kijiji na siku yake, angalia kwenye tovuti ya bonde. Na si lazima uone maua: ng'ombe kiongozi anavishwa taji tu kama hakuna mnyama aliyekufa malishoni msimu huo. Wageni wako wana viza ya kuingia mara ngapi?

Kimani (Stuttgart):

Ngoja niwaulize.